Kadi ya kura ipo, jina ubaoni halipo: inawezekanaje?

#1 Mtoto wa Kihesa (mleta uzi)
Wakuu, salamu. Mtu ana kadi ya mpiga kura ya 2015, haijachanika, picha inaonekana vizuri. Hajahama kata. Daftari la awali (orodha ya wapiga kura inayobandikwa watu waikague) limebandikwa mwezi huu wa Mei 2025, anapitisha kidole mstari kwa mstari, jina lake hamna. Jirani yake mwenye kadi ya mwaka uleule yumo. Maswali ni mawili. Kadi ya 2015 bado ni halali? Na kama ni halali, jina limekwenda wapi? Wanaojua hii kazi ndio ninaowahitaji, ya vijiweni nimeshayasikia.

#2 Nyundo ya Chuma
Kadi za 2015 zilishakufa. Aende akachukue mpya, mada ifungwe.

#3 Karani Mstaafu
Nyundo, unapoteza watu. Kadi ya 2015 na ile ya uboreshaji wa daftari wa 2019/20 zote ni halali. Tume ya uchaguzi imelisema hilo tangu uboreshaji wa safari hii ulipozinduliwa Kigoma, tarehe 20 Julai 2024. Zoezi linawahusu watu wa aina hizi: aliyetimiza miaka 18 au atakayeitimiza ifikapo siku ya uchaguzi wa Oktoba 2025, aliyehama kata au jimbo, mwenye taarifa zilizokosewa, aliyepoteza kadi au ambaye imemharibikia, na majina ya kuondolewa, kwa mfano ya marehemu. Mwenye kadi nzima ambaye hajahama hana sababu ya kupanga foleni.

Ila mleta uzi, shika jambo moja: kadi si daftari. Kadi inathibitisha kwamba siku moja uliandikishwa. Kinachokupa karatasi ya kura ni jina lako kuwemo daftarini kwenye kituo husika. Vikigongana, daftari ndilo linaloshinda.

#4 Binti Kilosa
Kabla hatujaenda mbali, amesoma orodha ipi? Maana Oktoba 2024, tarehe 11 hadi 20, watu waliandikishwa mitaani na vijijini kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Ile ni orodha ya wapiga kura ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa. Iliandikwa kwa mkono, bila picha, bila alama za vidole, na hakuna aliyepewa kadi. Wengi walitoka pale wakiamini wameingia kwenye Daftari la Kudumu la Tume. Hawakuingia.

Na kinyume chake pia: wenye kadi za Tume walikataa kwenda mtaani wakisema "sisi tunayo kadi", kisha Novemba 27 wakarudishwa mlangoni.

#5 Mtoto wa Kihesa
Binti, hiyo nimeiangalia. Karatasi iliyobandikwa ni ya Tume, ina kichwa cha Daftari la Awali. Si ile ya mtaa.

#6 Kichwa Ngumu
Mimi hapo ndipo huwa sielewi. Nchi moja, mpiga kura mmoja, orodha mbili za nini? Si wangechukua Daftari la Kudumu wakalitumia mtaani?

#7 Wakili wa Vijijini
Kichwa Ngumu, kuna majibu mawili, na wanaoyatoa hawapatani.

La kwanza ni la mipaka. Daftari la Kudumu limejengwa kufuata kituo, kata na jimbo. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji unamtaka mkazi wa kitongoji hichohicho. Kituo kimoja cha kujiandikisha kinaweza kubeba vitongoji viwili vitatu, kwa hiyo daftari halikuambii nani anaishi upande gani wa korongo.

La pili ni la sheria. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Na. 2 ya 2024, imeipa Tume kazi ya kusimamia hata uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji, lakini kwa utaratibu utakaowekwa na sheria itakayotungwa na Bunge. Sheria hiyo haikuwepo ilipofika 2024, TAMISEMI wakaendelea na kanuni zao. Wanaoshika jibu hili wanasema suala la mipaka ni kisingizio, kwa kuwa mfumo wa kompyuta ungeweza kuongezewa safu ya kitongoji.

#8 Kichwa Ngumu
Kwa hiyo jibu ni lipi?

#9 Wakili wa Vijijini
Nimekwambia hawapatani, ndugu yangu.

#10 Karani Mstaafu
Turudi kwa mwenye kadi. Zipo sababu za kawaida ambazo watu huziruka na kukimbilia kusema wameibiwa.

Daftari hubandikwa kwa kituo, si kwa kata. Safari hii Tume ilitangaza vituo 40,126 vya kuandikisha, kutoka 37,814 vya 2019/20. Vimeongezeka 2,312. Sehemu ambako shule moja ilibeba mtaa mzima, sasa pana vituo viwili, kimoja shuleni na kingine labda ofisi ya mtaa. Akisoma karatasi za shuleni peke yake atasema hayumo.

Halafu majina. Kama fomu ilijazwa kwa mpangilio wa ukoo kwanza, Juma Hamisi Mkwawa ataonekana kwenye M wakati yeye anatafuta J. Atafute kwa majina yote matatu, moja moja, kisha afikirie makosa ya herufi: Rehema/Lehema, Zuhura/Suhura, Mwl. fulani aliyeandikwa kwa cheo. Njia isiyochosha ni namba ya kadi, ile inayoanza na T. Majina hufanana, namba haifanani.

#11 Mbuyu wa Nanyamba
Sikubaliani na hoja ya vituo vipya. Kituo kikiongezwa, mashine haimhamishi mtu kwa sababu anaishi karibu. Aliyeandikishwa shuleni 2015 hubaki na msimbo wa kituo cha shuleni mpaka aende mwenyewe kubadilisha. Kituo kipya kinajazwa na wapya.

#12 Karani Mstaafu
Mbuyu, hiyo inategemea kituo kimeongezwa kwa nini. Kama ni kata au kijiji kimegawanywa, watu huhama kwenye makaratasi bila kunyanyua hata ndoo. Kama ni kupunguza foleni tu, una hoja.

#13 Mbuyu wa Nanyamba
"Kama" mbili kwenye bandiko moja. Enzi za kazi ulikuwa hivi hivi?

#14 Karani Mstaafu
Ndiyo maana nimestaafu salama 😄

#15 Fundi wa Kilwa Road
Mnasahau alama za vidole. Tangu BVR (uandikishaji kwa vidole na picha) ianze 2015, taarifa za kila kituo hupelekwa kwenye kanzidata kuu, na vidole na sura hulinganishwa na za watu wengine wote. Aliyejiandikisha mara mbili anaonekana. Sasa mtu ana kadi ya 2015 ya Mbeya, 2020 akapanga foleni upya Dar kama mpya badala ya kusema anahamisha taarifa. Mbele ya mfumo huyo ni mtu mmoja mwenye rekodi mbili. Jina kutoonekana mahali alipolizoea si ajabu.

Na ni jinai, kifungu cha 114 cha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya 2024. Kifungo ni kati ya miezi sita na miaka miwili. Wengi hawakukusudia. Waliona aibu kusema kadi imepotea wakaona rahisi kuanza upya.

#16 Binti Kilosa
Fundi, inayobaki ni rekodi ya zamani au mpya?

#17 Fundi wa Kilwa Road
Mpya, kwa sababu ndiyo yenye makazi ya sasa.

#18 Mbuyu wa Nanyamba
Haiingii akilini. Rekodi ya pili ndiyo yenye kosa, kwa nini ibakizwe yenye kosa? Ya kwanza ilikuwa safi.

#19 Fundi wa Kilwa Road
Mwenye akili timamu haendi kupiga kura Mbeya wakati anaishi Dar.

#20 Nyundo ya Chuma
Mleta uzi amesema mtu wake HAJAHAMA KATA. Mnabishana habari za Mbeya za nani?

#21 Mtoto wa Kihesa
Asante Nyundo. Leo umefaa.

#22 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Nyote mnaongea ya Bara tu. Huku Unguja na Pemba kuna Tume mbili, na watu huchanganya hizo kuliko nyinyi mnavyochanganya TAMISEMI. Daftari la ZEC, Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ndilo la Rais wa Zanzibar, wawakilishi na madiwani, na huingii bila kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na kuthibitisha ukaazi wa jimbo. Tume ya Taifa ina vituo vyake huku, 417 katika vile 40,126 alivyovitaja Karani, kwa ajili ya Rais wa Muungano na wabunge. Mtu wa Tabora anayefanya kazi Mjini anaweza kuwa na kadi ya Tume ya Taifa na ZEC asiwemo kabisa. Siku ya kura mwenzake atapewa karatasi tano, yeye mbili. Basi hapo ndipo kelele zinapoanza.

#23 Kichwa Ngumu
Tano? Sisi Bara ni tatu: Rais, mbunge, diwani.

#24 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Ehe. Rais wawili, mbunge, mwakilishi, diwani. Hesabu kwa vidole, mwanangu.

#25 Mhesabu
Kwa kuwa hesabu zimetajwa. Daftari la 2020 lilikuwa na wapiga kura 29,754,699. Tume ilikadiria kuandikisha wapya 5,586,433, kuboresha taarifa za watu 4,369,531 na kuondoa majina 594,494 ya waliokosa sifa. Matarajio: 34,746,638. Jumlisheni wapya, toeni wanaoondolewa, mtaifikia. Wanaoboresha hawaongezi wala kupunguza, hao walishahesabiwa.

Ninachotaka kusema ni kwamba karibu laki sita za kuondolewa si jambo la siri, ni makadirio yaliyotangazwa tangu mwanzo. Mtu wa mleta uzi anaweza kuwa ameingia humo kimakosa.

#26 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Mhesabu, ongeza kwamba hiyo 29,754,699 imejumlisha na watu wa ZEC 566,352. Daftari la Tume ya Taifa lenyewe lilikuwa 29,188,347.

#27 Mhesabu
Sahihi. Nimenyooshwa.

#28 Kichwa Ngumu
Anaondolewaje mtu aliye hai?

#29 Wakili wa Vijijini
Kwa taarifa za kifo zilizomwangukia jina, au kwa pingamizi. Daftari la awali linabandikwa kwa sababu hiyohiyo: mpiga kura aliyemo daftarini anaweza kumwekea mwenzake pingamizi kwamba si raia, hajatimiza umri, au hana sifa nyingine. Aliyepingwa anapaswa kusikilizwa, na asiyeridhika ana njia ya kwenda mahakamani. Tatizo la vijijini ni majina. Kijiji kina akina Athumani Saidi wanne, mmoja kafariki, ndugu anapeleka jina bila namba ya kadi. Unaona kinachofuata.

Na tukiwa hapohapo kwenye sifa. Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki kila raia aliyetimiza miaka 18. Ibara ndogo ya (2) inaliruhusu Bunge kuweka vizuizi kwa mambo manne tu: uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, na kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji. Kutojua kusoma hakumo. Kutokuwa na kitambulisho cha taifa (NIDA) hakumo. Kudaiwa michango ya kijiji hakumo. Ugonjwa wa akili nao lazima uwe umethibitishwa kisheria, si karani amtazame mtu machoni aamue.

#30 Msafiri wa Katumba
Ongeza: raia wa tajnisi, yaani aliyeomba uraia akapewa, ni raia. Katumba, Mishamo na Ulyankulu kuna zaidi ya watu 160,000 wa asili ya Burundi waliopewa uraia, na shughuli hiyo ilikamilishwa 2014. Wana haki sawa ya kuandikishwa. Kwa upande wao ningeshauri cheti cha uraia kiwe mfukoni siku ya kujiandikisha, maana wakala wa chama akisimama kuhoji, karatasi hujibu haraka kuliko maneno.

#31 Nyundo ya Chuma
Na wafungwa je? Nasikia nao wanapiga.

#32 Wakili wa Vijijini
Mahabusu hajahukumiwa, ana haki yake kamili. Mfungwa ni wa kifungo kisichozidi miezi sita. Tume imeweka vituo 130 kwenye magereza ya Bara na 10 kwenye vyuo vya mafunzo (ndiyo magereza ya huko) Zanzibar, na ratiba yao ni tofauti na ya kata.

#33 Mbuyu wa Nanyamba
Wakili, mbona unaruka? Mahakama Kuu mwaka 2022 ilitamka kwamba kizuizi cha miezi sita, kifungu cha 11(1)(c) cha sheria ya zamani, kinakwenda kinyume na Katiba.

#34 Wakili wa Vijijini
Sijaruka. Sheria ya zamani imefutwa na hii ya 2024, na kizuizi kimeandikwa upya ndani yake. Wapo wanaosema hukumu ilikufa pamoja na sheria iliyohukumiwa. Wapo wanaosema hoja ya kikatiba haifi kwa kubadilishiwa namba ya kifungu. Mimi niko na hawa wa pili, lakini karani wa gerezani atafuata maelekezo aliyopewa.

#35 Mwana wa Likoni
Ndugu zetu, huku Kenya kadi ya kura tuliizika tangu BVR ya 2012. Unajiandikisha kwa kitambulisho au pasipoti, na siku ya kura unakwenda na hati ileile uliyojiandikisha nayo. Kifaa kinasoma kidole, jina likitokea unapewa karatasi. Hakuna cha "kadi ninayo jina sina".

#36 Binti Kilosa
Na asiye na kitambulisho?

#37 Mwana wa Likoni
Hapo umenipata. Anasubiri kitambulisho. Pwani na kaskazini huko wako vijana wenye miaka 20 wanaosubiri.

#38 Kichwa Ngumu
Basi afadhali ya kwetu, NIDA haijatoka lakini kadi ya kura unapewa palepale ikiwa ya moto.

#39 Fundi wa Kilwa Road
Ikiwa printa haijagoma 😅 Kwa watakaokwenda mzunguko huu wa pili wa awamu ya pili ya uboreshaji, 16 hadi 22 Mei 2025: kituo ni kimoja kwa kata, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Orodha za kusoma ziko kwenye vituo vya awamu ya kwanza, lakini mashine iko kata. Watu wanaona ubao shuleni wanakaa wakisubiri mashine ije. Haiji.

Pale utakutana na watu wawili, mwandishi msaidizi wa fomu na mwendeshaji wa kifaa. Fomu ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo taja jina herufi kwa herufi na uombe kuisoma kabla haijaingizwa. Kisha picha, vidole, saini, kadi inachapwa. Mafundi ujenzi, wachoma mkaa, wanaomenya korosho na wazee, vidole vimesagika. Nawa, kausha kabisa, kisha bonyeza taratibu bila kukandamiza. Mikono yenye mafuta au jasho inasumbua kuliko yenye sugu. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga, wagonjwa na watu wenye ulemavu hawapangi foleni, waseme tu.

#40 Karani Mstaafu
Na kabla ya kupanda bodaboda hadi kata: *152*00#, kisha namba 9. Au mfumo wa Tume wa mtandaoni. Aliyemo daftarini anaweza kuanzisha mabadiliko ya taarifa zake huko, ila kumaliza ni lazima afike kituoni. Andaa namba ya kadi na uiingize kama ilivyoandikwa, usiruke tarakimu. Mleta uzi, huyo mtu wako amejaribu simu?

#41 Mtoto wa Kihesa
Amejaribu jana jioni. Rekodi imetokea! Jina ni lake, tarehe ya kuzaliwa ni yake. Kata ni ileile.

#42 Nyundo ya Chuma
Kwa hiyo yumo. Nilisema mada ifungwe.

#43 Mtoto wa Kihesa
Ulisema kadi yake imekufa. Na ubaoni bado hayumo, nimekagua karatasi zote za kituo kwa namba ya kadi kama Karani alivyoelekeza.

#44 Mbuyu wa Nanyamba
Basi ya marehemu na ya pingamizi yameanguka. Yamebaki mawili: karatasi haikubandikwa yote, au yuko kituo kingine ndani ya kata ileile.

#45 Karani Mstaafu
Yaani kituo kipya. Kama nilivyosema kwenye #10.

#46 Mbuyu wa Nanyamba
Au ukurasa umebebwa na upepo. Ubao wa nje, gundi ya unga, mvua za Mei.

#47 Binti Kilosa
Kurasa zina namba chini. Aangalie kama zinafuatana.

#48 Mhesabu
Swali la pembeni: jina lisipopatikana hadi siku yenyewe ya kura, kitambulisho mbadala kinasaidia? 2020 waliruhusu NIDA, pasipoti na leseni ya udereva.

#49 Wakili wa Vijijini
Waliruhusu kwa aliyepoteza kadi, kwa sharti kwamba jina limo kwenye daftari la kituo hicho na majina yanalingana. Huyu shida yake ni kinyume, kadi anayo. NIDA haiongezi jina ukutani.

#50 Mtoto wa Kihesa
Nimerudi. Kurasa zinafuatana hadi 11, kisha inakuja 13.

#51 Mbuyu wa Nanyamba
🌬️

#52 Karani Mstaafu
Usishangilie mapema. Ukurasa wa 11 umeishia herufi gani, na wa 13 umeanzia wapi?

#53 Mtoto wa Kihesa
Umeishia Mariam. Unaanza Musa. Yeye anaitwa Neema.

#54 Karani Mstaafu
Kwa hiyo upepo haujamchukua. Aende ofisi ya kata na kadi yake, aombe kuangalia kituo cha jirani.

#55 Mbuyu wa Nanyamba
Isipokuwa wamempanga kwa jina la ukoo. Ukoo wake unaanza na herufi gani?